Sindano za Paka wa Bernado

Kigera, Musoma
14 Julai 1985

Shemeji Magesa,

Salamu kwenu wote hapo kisiwani Rukuba. Huku tu wazima, ila sukari bado ni ya foleni.

Ndiyo maana watu walicheka paka wa marehemu kaka yako alipougua. Alikuwa anakunywa maji kama ng'ombe huku anakonda, na akikojoa sakafuni sisimizi wanajaa. Nikashtuka, maana kwa Bernado ilianzaga hivyohivyo. Bwana mifugo akapima mkojo, akasema, "Mama, hiki ni kisukari." Jirani akauliza paka kaipata wapi sukari tunayoikosa sisi!

Sasa namchoma sindano asubuhi na jioni, dozi ndogo aliyonipangia bwana mifugo, kwa dawa iliyobaki ya Bernado. Chupa nazitunza kwenye mtungi wenye mchanga mbichi zisipate joto, bomba la sindano nalichemsha. Ugali nimemnyima, anakula samaki wadogo wa furu tu.

Nimesikia kikao cha ukoo kimeamua unirithi. Sirithiwi. Msibani mlitangaza kwamba sindano zangu ndizo zilizomuua Bernado. Leo unataka muuaji akupikie? Njoo uone. Mkono ni uleule na dawa ni ileile, na paka aliyekuwa mifupa mitupu sasa anapanda juu ya kabati kuiba samaki. Dawa imebaki nyingi, shemeji, kwa sababu siku mlipombeba Bernado kumpeleka kwa mganga huko kisiwani, mliiacha hapa mezani.

Mimi shemeji yako, wala si mkeo,
Dorotea