Jina Ulilonikataza

Baba,

Nakuandikia nikiwa Kitengela, nimeketi juu ya yale mawe uliyochonga ukayaacha bila kuyajengea. Tangu tukuzike mwaka wa 1999, mji umesogea hadi karibu na machimbo yenu. Palipokuwa pakilishwa mbuzi sasa pana maduka. Mama ni mzima, ila magoti yanamsumbua.

Lililonifanya niandike ni hili. Nduku, mke wangu, amejifungua mvulana kule Kajiado. Ndiye kifungua mimba, na kwa desturi yetu Wakamba jina ni lako. Siku ya tatu akina mama walikuja nyumbani kumpa. Hawakujua ulichoniambia ukiwa mgonjwa: "Hiyo jina iishe na mimi. Usipatie mtoto."

Sababu niliijua. Nyanya alipata shida sana kukuzaa, na mwalimu wa kanisa akamchagulia Yabesi. Kila Nyanya alipokasirika alikukumbusha kwamba jina lako ni uchungu. Hukujua kusoma, kwa hiyo uliamini. Hata nyundo ilipokuponda kidole ulisema, "Si ndio jina yangu?" Nilicheka siku hiyo. Najuta.

Niliwaachia akina mama chai, nikaenda kwa pasta. Hakunificha: jina ni la Kiebrania, na kweli linatokana na uchungu wa mama aliyezaa. Kisha akaendelea kusoma katika Biblia. Huyo Yabesi aliheshimiwa kuliko ndugu zake. Aliomba abarikiwe, mipaka yake ipanuliwe, uchungu usimpate, naye Mungu akampa. Hadithi yote ni mistari miwili. Wewe ulisomewa nusu ya mmoja, ukaishi nayo miaka sitini.

Nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani. Nyanya naye hakujua kusoma.

Nikarudi, nikasema mtoto ni Yabesi. Mama alimpakata, akamwita mara mbili, halafu akaomba aongezewe chai. Tangu tukuzike sikuwa nimemsikia akilitaja jina hilo.

Basi nimekuasi, Baba, na sitajitetea. Ulitaka kumkinga mtoto ambaye hungemwona, na hilo nitamwambia kwanza. Pumzika. Nakuahidi kwamba siku akiniuliza maana ya jina lake, nitamsomea mistari yote miwili, na wa pili nitausoma kwa sauti, ukufikie na wewe.

Mwanao,
Mutua