Kidole cha Baba Kimekuwa Cheusi

Mayu, mama yangu mpendwa,

Mwangaluka. Ukiitikia sitakusikia, lakini wewe itikia tu. Mgongo unaendeleaje baada ya kung'oa masalia ya pamba? Ng'ombe wanapata maji, au mto umebaki mchanga mtupu? Mimi huku Songea ni mzima, baridi tu ndiyo inanikomoa. Asubuhi navaa sweta juu ya sweta, wenzangu wananicheka, eti Msukuma hajui kuishi bila jua.

Barua hii nimempa Kabula, yule binti wa Migato wa hapa chuoni, darasa lao limemaliza mitihani, anakwenda kwao likizo. Nimemwambia akupe mkononi siku ya mnada, baba asione. Kwenye simu ya kaka Masanja siwezi kukuambia haya, maana nikipiga tu anaweka sauti kubwa na baba anavuta kigoda asikilize.

Mayu, chuo ni kizuri lakini si kama mnavyofikiri huko Mwamapalala. Wanafunzi tumejazana, mdoli wa kujifunzia ni mmoja, na mkono wake umechomoka. Kwa hiyo mwalimu anatutumia video. Tunakaa vitandani hosteli, tunachangiana bando, tunamwangalia nesi wa nchi za watu akisafisha kidonda na kufunga bandeji. Akiongea Kiingereza cha haraka tunarudisha nyuma, tunamsikiliza upya. Mitihani nafaulu. Lakini kidonda cha mtu, chenye damu na harufu yake, sijawahi kukigusa. Wodini wataanza kutupeleka mwakani.

Sasa baba alipochomwa na ule msumari uliopenya katambuga zake za tairi, Masanja akaelekeza kamera kwenye mguu, nami nikasema niliyoyaona kwenye somo: chemsheni maji, tieni chumvi, osheni, funikeni kwa kitambaa safi. Hata wewe ungesema hivyo. Lakini kwa baba ikawa habari ya kijiji. Mzee wa kanisa alipokuja kumjulia hali, baba akamnyooshea mguu: "Hii kazi ya Minza. Yuko Songea lakini ananitibu." Tangu hapo Masanja ananitumia picha za majirani, jicho la huyu, jipu la yule, na wananiita daktari. Mwanzoni nilicheka, na kusema kweli nilifurahi kidogo.

Juzi akanionyesha tena mguu wa baba. Kidole kidogo kimekuwa cheusi, Mayu, na ule weusi unapanda. Baba akakibonyeza kwa ukucha, huku anacheka. "Hakiumi tena. Umeniponya, mwanangu."

Tulikuwa tumetoka kutazama somo la ugonjwa wa sukari. Ukimshika mtu, mguu unakufa ganzi, unaoza naye hana habari. Baba anadhani kutouma ndiyo kupona. Nikakumbuka ulivyoniambia siku hizi anamaliza mtungi wa maji peke yake, na pale anapokojoa sisimizi wanajaa. Tulisema labda kuna kichuguu. Sukari hiyo, Mayu, naiogopa kuliko nyoka.

Nikamwambia, baba, nenda hospitali Bariadi leo hii. Akasema, "Nikafanye nini huko? Nilikataa ng'ombe wa watu, nikasema wewe huolewi mpaka usome unesi. Ndugu zangu wote walinicheka. Leo nipeleke mguu wangu kwa mtoto wa mtu mwingine? Watasema binti yake hajui kitu."

Nikambembeleza, nikapandisha sauti, mpaka nikamwambia anaweza kufa. Akajibu kwa upole kabisa, "Sawa, nesi wangu. Basi nitumie video nyingine."

Nililia simu ikiwa bado mkononi. Kila ninalomwambia linazidi kumpa imani kwamba mimi ndiye mtaalamu wake. Masanja nimemwomba ampakie kwenye pikipiki, anasema hawezi kumbeba baba mzazi kama mbuzi. Ruhusa ya kuja nimeomba, nimeambiwa nisubiri mitihani iishe. Nashindwa, Mayu. Ugonjwa naujua jina, najua unakoelekea, naweza kuuchora ubaoni, na hakuna ninachoweza kuufanya.

Nimebakiwa na jambo moja, na ni wewe wa kunifanyia. Mwambie baba sijui. Usimwambie mkiwa wawili, atakucheka. Mwambie mbele ya mzee wa kanisa, na wale ndugu zake wawepo. Sema umepata habari kutoka chuoni kwamba Minza amefeli somo la vidonda, kwamba yale aliyowaelekeza alikuwa anabahatisha. Sijafeli, lakini wewe sema hivyo. Watacheka, najua. Baba atakasirika, pengine atasema bora angepokea wale ng'ombe. Mwache aseme. Asipotaka kuongea na mimi kwenye simu, usimlazimishe. Akishakata tamaa na mimi, atapanda pikipiki.

Ukifika hospitali waeleze habari ya maji na ya sisimizi, usione aibu. Wakisema kidole kikatwe, kubali kabla baba hajafungua mdomo. Ukimaliza kusoma barua hii ichome jikoni.

Nisalimie kaka Masanja, mwambie aache kupiga picha, atie mafuta pikipiki ikae tayari. Nisalimie shangazi Mbuke, michembe ya viazi aliyonifungia imeisha na wenzangu wamezoea, wanaulizia. Nisalimie bibi, umshike mkono kwa niaba yangu. Baba usimpe salamu zangu kwa sasa, maana ukimpa atauliza nesi wake amesemaje.

Ni mimi binti yako,
Minza, ambaye si nesi