Wimbo wa Babu Usiofunguka Same

Same,
14 Juni 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tabora, na kwamba mguu umeacha kukusumbua. Sisi hatujambo. Bibi Koleta naye yupo, ila masikio yanazidi kudhoofika. La kushoto limeshaziba kabisa.

Ule wimbo ambao marehemu babu Hezroni aliurekodi Nairobi mwaka 1974 nimeukuta kwenye mtandao. Tarehe 3 Mei niliubofya, simu ikajibu kwamba haupatikani nchini mwangu. Bibi akauliza, kwani nchi ya babu ni ipi.

Nami nikataka kujua. Tarehe 10 nilipanda hadi kwenye mgongo wa mlima unaotazama Mkomazi. Simu ikashika mtandao wa ng'ambo, ikanikaribisha Kenya, lakini wimbo ukakataa vilevile. Mwanahalima, anayeuza vitenge karibu na stendi, alinicheka kwamba nimechosha miguu bure. Mpaka hauko mlimani, uko kwenye laini. Tarehe 14 Mei akaniazima laini yake ya Taveta, ng'ambo ya mpaka, Kenya. Niliiweka hapahapa sebuleni, wimbo ukafunguka.

Bibi aliiegemeza simu kwenye sikio la kulia. Kabla ya gitaa, babu anajitaja kuwa Hezroni, mwenyeji wa Taveta. Bibi alicheka mpaka akakohoa. Alisema mwenye studio alitaka Wakenya tu, babu akajiandikisha hivyo. Kumbe ndiyo maana kibali cha wimbo ni cha Kenya peke yake. Tangu hapo bibi alimsikiliza kila siku baada ya chai, siku kumi na tisa.

Baba, sasa naomba nikiri. Tarehe 2 Juni, bila kukuuliza, niliiandikia kampuni iliyouweka wimbo kwamba mtunzi ni Mpare wa Same, Mtanzania, watufungulie na huku. Walinishukuru, kisha wakaufunga nchi zote mpaka mrithi athibitishe haki ya wimbo. Hata laini ya Mwanahalima haiufungui tena. Nilipomweleza bibi, alisema, "Babu yako alidanganya, nikamsikia. Wewe umesema kweli, simsikii."

Wewe ndiye mtoto wao wa kwanza. Fomu yao ya mrithi nimeiweka humu. Tafadhali itie sahihi mbele ya wakili, uirudishe kwa basi. Wanasema uhakiki huchukua miezi mitatu. Daktari hakutuahidi miezi mitatu ya sikio la kulia.

Mama na mdogo wangu Eliakunda wanakusalimu sana. Bibi amesema salamu zake utazipata fomu ikishafika.

Mwanao akupendaye,
Jenifer