Wali wa Bosco Hauna Supu

Jumatatu, 3 Machi
Wewe mwanamke, siku kumi na moja hujafungua hii daftari! Ulikuwa wapi? Ulidhani mbwa wako Bosco atajiandikia? Mwalimu wa ngumbaru alikufundisha herufi ukiwa na mvi, halafu unazilaza njaa. Haya, andika.
Asubuhi Bosco alipewa wali mweupe, yai moja, maziwa lala. Mchana hivyo hivyo. Jioni alinusa, akageuza kichwa. Macho yake bado ni ya manjano.

Jumanne, 4 Machi
Amekataa tena. Naandika maneno ya daktari wa mifugo wa Kajiado nisiyasahau. Ini la Bosco haliwezi kutoa shaba iliyo kwenye chakula. Inajazana mpaka inamharibu. Alizaliwa hivyo. Asile maini, figo, matumbo wala maharagwe.
Shaba! Mimi najua shaba ya bangili. Lakini Tosha, mama yake, alikufa na macho ya manjano hivi hivi. Na mimi nilikuwa nampa maini kila Ijumaa nikidhani namwongezea damu. Hiyo inaniuma mpaka leo.
Huyu hafi. Nimekataa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata dawa ya kiburi chake. Nimepika wali kwa supu ya matumbo. Matumbo nimekula mimi, yeye nimempa ule wali tu. Amelamba sufuria mpaka ikazunguka jikoni. Nani alisema mwanamke asiyesoma hana akili?

Jumamosi, 8 Machi
Ametapika mara tatu. Amelala nyuma ya tangi, hata mkia hauinuki. Kijana wangu Kamau alipiga simu, nikamwambia ukweli. Anakuja kesho na mtu wa kumdunga sindano ya kumlaza kabisa. "Mami, unamtesa. Mbwa ni mbwa."
Na huyo Kamau ndiye nilimlisha uji kwa kijiko alipokataa titi! Hakuna aliyeniambia mtoto ni mtoto, achana naye.

Jumapili, 9 Machi
Sikuenda kanisani. Jirani yangu Mama Naserian akaja kuangalia kama niko hai. Nikamweleza yote, na supu. Akashika kiuno, akaniita nyanya kwa Kimaasai chake.
"Koko, matumbo yakichemka, utamu unaenda wapi? Si unabaki kwa maji? Na ubaya nao?"
Akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Ni mimi nilimpa. Kwa mkono wangu.
Nikapigia daktari. Akaniambia maji kwanza, halafu wali laini na yai, vijiko viwili viwili. Nimpeleke Jumatano.
Kamau alifika saa tisa na mtu wake. Nilikuwa nimeweka stuli mbele ya Bosco, nimekaa. Nikawaambia kosa ni la sufuria yangu, kwa hivyo kama ni kudunga, mnidunge mimi. Yule mtu alianza kucheka, akaniangalia usoni, akaacha. Nikawapa chai. Wakaenda. Kamau hakuniaga vizuri. Shauri yake.

Jumatano, 12 Machi
Nilikuwa natafuta gari ya kukodi, nikaona ya Kamau kwa geti. Hakuna aliyemwita. Ametandika blanketi kiti cha nyuma. Tukampakia Bosco, tukaenda.
Daktari amesema Bosco hatapona. Lakini anaweza kuishi na ugonjwa huu, kama nitashika sheria. Nilimwambia habari ya supu mbele ya Kamau. Aibu ni yangu, acha niibebe. Kamau ndiye aliuliza kama kuku bila maini ni sawa. Ni sawa.

Jumatatu, 17 Machi
Bosco amemaliza bakuli. Wali, yai, nyama nyeupe ya kuku. Bila supu. Halafu akaja kulala juu ya miguu yangu kwa jua. Ni mzito. Sikumtoa.
Kamau ametuma trei ya mayai. Hakusema ni ya nani.
Matumbo sipiki tena hapa, hata yangu.
Ukirudi kesho, mwanamke, mwangalie Bosco macho kwanza, kwa mwanga wa mlangoni. Kalamu baadaye.