Ndovu wa Mwakio

Nasiha, hebu sikia ya leo.

Unamjua kaka yangu Mwakio, yule mpole. Leo kanisani, pasta akiwa katikati ya maombi, kaka akaruka, akanyakua sinia ya sadaka na kuanza kuigonga kama debe. "Ndovu! Ndovu wameingia!"

Ndovu! Kanisani! Sagalla yote inamwangalia!

Na macho yalikuwa wazi kabisa, lakini hakuwa ananiona. Nilipomshika mkono alinifokea, "Ni nani amefungua ua?"

Tukamkimbiza kwa nesi. Akasema msimu mzima Mwakio alilala usingizi wa mang'amung'amu pale kibandani shambani akifukuza ndovu, tawi likivunjika tu ameshika debe. Ule usingizi mzito, ndipo mwili hujirekebisha. Halafu ule wa ndoto, ndipo akili hupanga mambo yake. Yeye haufikii wowote. Hata sasa alivyorudi kulala kitandani kwake, upepo ukigusa mabati tu, amesimama mlangoni.

Nesi akasema, "Ndoto zimechoka kungoja alale. Sasa zinamfuata akiwa macho."

Zinamfuata akiwa macho, Nasiha! Hayo maneno hayanitoki kichwani.

Nikamwambia kaka, twende kwangu ulale. Akatega sikio dirishani kama mtu anaitwa. "Na mahindi atalinda nani?"

Mke wake akaanza kulia.

Mahindi tulishavuna, Nasiha. Gunia la mwisho alilibeba yeye mwenyewe.