Huria, na Jembe Langu

Jumanne, Februari

Bado sijaamua nani yuko sahihi kuhusu neno huria. Mwalimu wa Siasa alisema leo kwamba mtu huria ni yule anayemwachia mwenzake nafasi ya kuamua. Akatutuma tuulize nyumbani.

Baba Mdogo, mwenye duka Majengo, alicheka. "Huria ni mimi kuuza sukari bila kibali cha mtu. Mwambie mwalimu wako aje anunue."

Baba hakucheka. "Huria ni lori la ushirika kuacha kuleta mbolea."

Hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Bila mbolea tumerudi kwenye matuta ya kufukia nyasi, kama alivyolima Bibi, na kazi hiyo inataka mikono mingi. Juzi Baba alisema nitapumzika shule mpaka tumalize. Maria wa jirani alipumzishwa hivyo mwaka jana. Hajarudi.

Wakati wa kula nilimwuliza kwa adabu, "Baba, mahindi siku hizi yanauzwa popote. Na mimi je, nina nafasi ya kuamua?"

Mama aliinamia sahani. Baba Mdogo akasema, "Kaka, huyo umemsomesha mwenyewe."

Baba alinawa mikono, akainuka akatoka nje. Nikadhani nimemkosea heshima.

Kila jioni yeye hupanga mlangoni majembe ya kesho. Nimetoka sasa hivi kuchukua kandili, nikaona lake, la Mama na la kaka yangu. Langu amelirudisha stoo.

Labda ni kwa kesho tu, au...

Sare nimeshaipiga pasi.