Mtihani wa Siku Moja Kabla ya Mtoano

Chuo cha Aldersley,
New Hampshire.
14 Desemba

Kwa dada yangu Verlene,

Pokea salamu kutoka huku kwenye theluji. Natumai wewe na shemeji Dale mnaamka salama, na lile goti lako limeacha kukusumbua. Mimi ni mzima kabisa. Daktari wa chuo alinipima juzi akasema hajaona moyo kama wangu tangu aanze kazi. Nadhani alinisifu.

Najua unataka habari za mwanao, na najua bado umeninunia. Nilikuahidi nitamzuia Garrick asisafiri na timu, kisha mimi mwenyewe nikampakilia begi. Nisikilize kwanza.

Chuo chetu unakijua. Miaka zaidi ya sabini timu ya mpira wa Kimarekani ilikuwa ikicheza mechi ya mwisho Novemba, jezi zinafuliwa, siku hizi na mimi, helmeti zinafungiwa kabatini, vijana wanarudi kwenye vitabu. Vyuo vingine viliendelea na mtoano kumtafuta bingwa wa nchi. Hivi vya kwetu vya wasomi vilisema mtoano unagongana na mitihani, na mitihani haisogezwi kwa ajili ya mpira. Mwaka huu walimu wakakubali kujaribu mara moja, kwa sharti: kila mchezaji afanye mtihani saa ileile na wenzake waliobaki chuoni, popote atakapokuwa, na lisionekane doa lolote la udanganyifu. Baada ya hapo wangepiga kura tuendelee au tuache kabisa. Mkuu wa waliopinga alikuwa Profesa Oakes, mama mwembamba anayefundisha Kilatini, na ndiye aliyejitolea kusafiri nasi akiwa na karatasi za mitihani. Kocha alininong'oneza kwamba yule mama haji kutazama mpira, anakuja kulitafuta hilo doa.

Alhamisi tukatua Dakota Kaskazini. Dada, baridi ya kule usiiombe. Nilitema mate yakagonga lami kama kokoto. Makasha ya vifaa yalikuwa kumi na manne, niliyashusha yote peke yangu, wapakuzi wamekunja mikono wakinitazama. Wachezaji wa chuo cha huko, tuliokwenda kucheza nao, ni vijana wa mashambani waliokuzwa kwa nyama na maziwa. Mmoja nilimpa mkono, sikuuona tena mpaka aliponirudishia. Hotelini mhudumu mmoja, Darla, alitupokea kwa kelele: "Karibuni, maprofesa! Kalamu mmebeba za kutosha? Kesho kutwa mtahitaji kuandika wosia!" Garrick akamjibu kwamba wosia wameshaandika, tena kwa Kilatini, ili wenyeji wasiambulie kitu. Watu walicheka mpaka Profesa Oakes akajificha nyuma ya kikombe chake.

Ijumaa saa mbili asubuhi, ambayo huku chuoni ilikuwa saa tatu, ukumbi wa harusi wa hoteli ulikuwa umepangwa meza sitini. Wakaingia watoto wale, mabega kama milango, wakaketi kwenye viti vyembamba vyenye utepe mweupe, wakainama. Nimefanya kazi chuoni miaka ishirini na sita, lakini kazi yangu ni chumba cha kufulia, sikuwahi kuona mtihani wao. Nami shule niliiacha darasa la tisa, kwa hiyo mtihani naukumbuka kama adhabu. Huu ulikuwa kitu kingine. Kimya kilishuka hadi nikasikia kalamu sitini zikikwaruza. Kisha nikagundua kwamba jikoni wameacha kuosha vyombo. Darla alivua viatu, akawa anapita kwa soksi. Nje, dereva wa lori la maziwa aliambiwa kuna nini ndani, akazima injini na kubeba kreti moja moja kifuani kama mtoto aliyelala. Wanaume wawili waliokuja kutuzomea walisimama mlangoni, wakavua kofia zao. Mmoja akaniuliza kwa kunong'ona, "Mzee, hawa ndio tunacheza nao kesho, kweli?" Nikamwambia ndio hao. Akasema, "Mungu wangu," akaondoka akinyata. Verlene, nimewahi kukaa uwanjani watu elfu themanini wakinguruma. Hawakunitetemesha kama kimya kile.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Profesa Oakes aligawa karatasi, akatoka, akaenda kunywa kahawa. Hakuacha mlinzi! Kumbe hapa chuoni ndivyo ilivyo tangu zamani, mwanafunzi halindwi. Akimaliza anaandika kwa mkono wake kwamba hakupokea msaada, hakutoa, wala hakuona ukitolewa, anatia sahihi, basi. Mimi niliwekwa mlangoni kuzuia wapita njia tu. Nikawaza, wasomi hawa wana wazimu.

Garrick alikuwa na kemia, ileile iliyokukosesha usingizi. Nilimwona amekwama kwenye swali la mwisho, kalamu haisogei, jasho linamtoka. Nikakumbuka unavyolilia aingie shule ya udaktari, na ahadi niliyokuvunjia. Nikajifanya naokota kitu, nikapita nyuma ya kijana wa meza ya jirani aliyekuwa na karatasi ileile ya kemia, nikaona alichoandika: tatu nukta saba. Nikarudi kwa Garrick, nikaweka vidole vitatu mezani kwake, halafu nikagonga mara saba.

Aliinua macho. Sijawahi kutazamwa vile na mtu wa damu yangu. Alilifunika lile swali kwa kiganja, akaliacha, akarudi kupitia mengine. Muda ulipoisha alinifuata mlangoni na karatasi isiyo na sahihi. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mjomba, siwezi kuandika kwamba sikuona. Nisipoandika, timu imekwisha. Nenda umwambie wewe, au nitamwambia mimi. Lakini naomba uwe wewe."

Mimi niliyemfukuza dubu kwa ufagio, na wewe ni shahidi, nilitamani kutorokea mlango wa jikoni. Nikaenda, Garrick akanifuata na karatasi yake. Nilimweleza Profesa Oakes kila kitu, hadi idadi ya vidole. Akauliza kama Garrick alilijibu lile swali. Nikasema hapana. Aliichukua karatasi, akaisoma hadi mwisho, kisha akamwambia kijana aandike ukweli wote chini yake ndipo atie sahihi. Mimi akaniambia, "Bwana Orrin, nilikuja kutafuta sababu ya kuwazuia. Umeniletea mwenyewe." Sauti yake haikuwa na furaha yoyote.

Jumamosi tulifungwa arobaini na moja kwa kumi. Garrick aliangushwa akainuka, akaangushwa akainuka, nikaacha kuhesabu. Walipotoka uwanjani wenyeji walisimama wakawapigia makofi.

Jumatano walimu wakakutana. Profesa Oakes aliwasomea yote, kosa langu likiwa la kwanza, bila kunificha. Kisha akasema doa lilionekana, ila aliyelitoa hadharani ni mchezaji, akijua linaweza kumgharimu yeye na wenzake wote. Akapiga kura ya ndiyo. Waliokubali sitini na mmoja, waliokataa hamsini na wanane. Timu itaendelea na mtoano. Mimi sitasafiri nayo tena, nitafua jezi zikirudi. Ni haki yangu, sijamlalamikia mtu. Na lile jibu la jirani, nasikia, lilikuwa limekosewa.

Garrick amepata B ya kemia, B ya kwanza maishani mwake. Matokeo yatakufikia wiki hii nawe utauliza imekuwaje. Hatakuambia, ananisitiri. Ndiyo maana nakuambia mimi. Ukimpigia simu, tafadhali usimgombeze. Ile karatasi niliiona, dada: kurasa zimejaa maandishi ambayo sielewi hata mstari mmoja, halafu pale kwenye swali la mwisho pameachwa peupe. Hapo tu ndipo nilipoelewa kwa nini watoto hawa hawawekewi mlinzi.

Nisalimie shemeji Dale na wote wa kanisani wanaonikumbuka, hata wanaonikumbuka kwa ubaya. Kaa na joto.

Ni mimi, kaka yako,
Orrin